Kengele ya Ng'ambo ya Pili

Gari la mizigo liliondoka saa tatu kamili, na sanduku la Roswitha na Gernot likaondoka nalo. Ndivyo wanavyosafiri waendesha baiskeli wa mto Danubi waliofika umri wa kuonea huruma migongo yao: wewe unapiga pedali na chupa yako ya maji na mkate wako wa jibini, sanduku linatangulia kwa gari hadi nyumba ya wageni ya jioni, unalikuta limekaa kitako mapokezini kama mwenyeji wako. Ni raha tupu, mradi jua linawaka. Siku hiyo, ya nne tangu watoke Regensburg, mvua ilianza kabla ya chai na haikuonyesha dalili ya kuchoka.

"Leo ningekuwa nyinyi ningepanda treni," alisema Leopoldine, mwenye nyumba ya wageni, akiwa amesimama mlangoni na aproni yake. "Mto umepanda usiku kucha. Na upande huu, kuanzia kinu cha mbao hadi kwenye kivuko, hakuna barabara ya gari. Mlima na maji, katikati kijia cha baiskeli. Kivuko kikifungwa mtalala na kulungu."

"Kimefungwa?" aliuliza Gernot.

"Bado. Burgi mwenye kivuko hafungi mpaka maji yafunike mstari mweupe wa gatini."

"Basi yameisha. Sanduku limeshatangulia, mama. Mimi nishindwe mbio na sanduku?"

Leopoldine alimtazama Roswitha, na Roswitha akainua mabega. Angesema nini? Gernot alikuwa fundi wa kuezeka mapaa kwa miaka arobaini. Ukimwambia mvua inanyesha, anakuuliza inanyeshea wapi. Alikuwa na miaka sitini na sita, mrefu, mbishi, na moyo wenye mshipa uliozibuliwa majira ya baridi ya mwaka juzi. Tangu siku ile ya kuzibuliwa alitembea na kichupa chekundu cha dawa ya kupuliza chini ya ulimi. Kifua kikibana, unapuliza mara mbili, unakaa chini, unasubiri. Daktari alimwambia Roswitha kando, kwenye korido: kichupa hicho kisikae mbali naye hata hatua kumi.

Waliagana na Leopoldine, wakaingia kwenye mvua. Gernot alitangulia akipiga mluzi.

Kinu cha mbao walikipita. Barabara ya lami ikaishia hapo, ikabaki njia nyembamba chini ya misonobari, mto mkono wa kulia, mlima mkono wa kushoto. Mto haukuwa ule waliouzoea. Jana ulikuwa wa kijani na wenye adabu zake. Leo ulikuwa na rangi ya kahawa ya maziwa, umejaa hadi kwenye majani, na ulipita kwa kasi bila kelele yoyote, umebeba magogo, mlango wa banda la kuku, na meza ya plastiki yenye miguu juu. Roswitha hakupenda ule ukimya. Alijaribu kuutazama mgongo wa mumewe badala ya maji.

Saa nne na kitu pua ilimwasha, akaingiza mkono mfukoni kutafuta leso. Mfuko ulikuwa mtupu. Ndiyo, leso ipo kwenye lile koti jepesi, akajiambia; asubuhi, mvua ilipokolea, alikunja makoti yote mawili ya kiangazi akayatia sandukuni, wakavaa haya ya mvua. Alilikunja lake. Akalikunja la Gernot.

Hapo akakumbuka. Kichupa kilikuwa kinakaa kwenye mfuko wa kifuani wa koti la kiangazi la Gernot. Alilikunja yeye mwenyewe, kwa mikono yake, akalisawazisha mikono vizuri kabisa kama anavyokunja kila kitu, na wala hakupapasa mfuko. Sasa dawa ilikuwa ndani ya gari la mizigo, imekwenda zake kilomita hamsini mbele.

Alifunga breki nusura aanguke.

"Vipi huko nyuma?" Gernot aliita bila kugeuka.

"Hakuna kitu! Tairi imeteleza."

Kwa nini hakusema? Baadaye alijiuliza swali hilo mpaka kichwa kikamuuma. Alijiambia kwamba kumtia hofu mtu wa moyo ni kumuua. Alipiga hesabu kwamba kurudi kwa Leopoldine ni kilomita kumi na moja na kivuko kiko mbele kilomita saba, ng'ambo yake kuna kijiji chenye daktari. Kwa hiyo mbele ndiko karibu. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini kulikuwa na jingine, na tusimfichie: kwa miaka yote ya ndoa yeye ndiye aliyekuwa akimgombeza Gernot kwa kusahau, funguo, miwani, siku ya kuzaliwa ya mama mkwe. Leo kosa lilikuwa lake na lilikuwa kubwa kuliko yote, na ulimi ukamwia mzito.

Basi akaanza kumchelewesha.

"Gernot, punguza mwendo. Goti langu linauma."

"Goti gani?"

"La kulia."

"Jana lilikuwa la kushoto."

"Sasa ni yote mawili. Wewe unaniwekea mahakama hapa?"

Gernot alicheka, akapunguza. Alikuwa na kicheko kizuri, lakini siku hiyo kila alipocheka Roswitha alisikiliza kama pumzi inakatika mwishoni. Alimwambia wale mkate. Gernot akasema watakula ng'ambo, mahali pakavu. Alimwambia washuke wasukume baiskeli kwenye kilima. Gernot akasema kilima hicho hata bibi yake angekipanda na ndoo kichwani, akakipanda akiwa amesimama kwenye pedali. Kule juu alisimama kidogo, amempa mgongo, akitazama mto kwa muda. "Tangulia tu," alisema, "nachungulia lile gogo." Roswitha hakutangulia. Alisimama pale pale, mvua ikimwingia shingoni, mpaka Gernot alipopanda tena siti.

Kilomita mbili kabla ya kivuko, maji yalikuwa yameingia njiani. Mwanzo yalifika kwenye madigadi, kisha wakashuka na kusukuma, maji magotini na baridi ya kuuma mifupa. Katikati ya maji hayo msonobari ulikuwa umeanguka. Kabla Roswitha hajafungua kinywa Gernot alishanyanyua baiskeli yake akaivusha, akarudi kuchukua ya pili.

"Iache! Nitainyanyua mwenyewe!"

"Na magoti mawili mabovu?"

"Gernot, nakuomba. Kwa jina la Mungu, iache!"

Alimtazama, maji yakimchirizika kwenye nyusi, akashangaa kidogo kwa ile sauti. Halafu akainyanyua.

Walipotoka upande wa pili wa maji Roswitha aligeuka nyuma. Njia waliyopita haikuonekana tena, palikuwa mto tu. Akaelewa kwamba kurudi hakupo.

Kwenye gati la kivuko kulikuwa na kibanda cha mbao chenye benchi, na nje yake nguzo yenye kengele ya shaba na kamba. Kila anayepita njia hii anaijua desturi: unapiga kengele mara tatu, unakaa, na Burgi anatoka kwenye nyumba yake ng'ambo akuvushe wewe na baiskeli yako. Roswitha alitafuta mstari mweupe kwenye jiwe la gati. Hakuuona, kwa sababu maji yalikuwa yameshaumeza. Ng'ambo, mita mia mbili za maji ya kahawa, bendera nyekundu ilikuwa imelowa na kujiviringisha kwenye mlingoti wa nyumba ya Burgi. Kivuko kilikuwa kimefungwa.

"Nikae kidogo," alisema Gernot.

Aliketi kwenye benchi. Hakuvua hata kofia ngumu. Mkono wake wa kulia ulipanda taratibu ukajilaza kifuani, na uso wake ukawa mweupe kama nta.

"Inabana?"

"Kidogo."

"Gernot."

"Inabana, Rosi. Mkono nao umekufa ganzi."

Roswitha alichuchumaa mbele yake. Alisubiri kile ambacho alikuwa amekiogopa tangu saa nne: mumewe atie mkono mfukoni, apapase, amtazame. Gernot hakupapasa. Aliegemeza kichwa kwenye mbao akafumba macho, na Roswitha akadhani nguvu zimemwishia hata za kupapasa.

Simu haikushika mtandao. Aliinua juu, akaizungusha, akatoka nayo kwenye mvua. Milima ya huku inaminya kila kitu. Akakimbilia kengele. Alipiga mara tatu. Akapiga tatu nyingine, kisha akapiga bila kuhesabu.

Mlango ng'ambo ukafunguka. Akatoka mwanamke mnene mwenye koti la njano, akasimama chini ya paa. Roswitha alipunga mikono yote miwili. "Mgonjwa!" alipiga kelele. "Mume wangu! Moyo!" Sauti ilitoka kinywani ikafia hapo hapo juu ya maji. Yule mwanamke aliinua mikono yake akaipishanisha kifuani, kwamba hapana. Akaonyesha bendera kwa kidole. Akapishanisha mikono tena, akaingia ndani, akafunga mlango.

Na ungemlaumu vipi? Siku za mvua kengele ile hailali. Kila mwendesha baiskeli aliyelowa chupi anaipiga kama anaagiza bia, sanduku lake liko ng'ambo na kitanda chake kiko ng'ambo, na akionyeshwa bendera nyekundu anapiga zaidi na kutukana. Burgi alikuwa amepigiwa hivyo tangu alfajiri. Kengele haina mlio mmoja wa mtu aliyelowa na mwingine wa mtu anayekufa.

Roswitha alipiga tena mpaka kiganja kikachubuka. Dirishani, pazia liliteremshwa.

Hapo ndipo hofu ilipomshika barabara. Aligeuka nyuma. Alimwona Gernot kibandani, pakavu, amejikunyata, anavuta pumzi fupi fupi. Na aliona kwamba kwa sababu yuko pale pakavu, ng'ambo hawamwoni. Wanachokiona ni mwanamke mmoja na kengele. Ili waelewe lazima wamwone. Na ili wamwone lazima amtoe nje, kwenye baridi na mvua, vitu viwili ambavyo yule daktari wa kwenye korido, kule nyumbani Ingolstadt, alivitaja kwa jina kwamba aepushwe navyo.

Alisimama labda nusu dakika. Hajawahi kuichukia nusu dakika maishani kama ile.

"Gernot, nitakutoa nje. Nitakulaza kwenye gati."

Gernot alifumbua jicho moja. "Unaniuza?"

"Wakuone. Burgi hajui. Anadhani sisi ni wale wale."

"Huyo Burgi atanitaka kweli, hivi nilivyo?"

"Nyamaza! Usiseme. Nyamaza tu, tafadhali."

Alimkumbatia kwa nyuma, chini ya makwapa, akamburuta. Visigino vya Gernot vilichora mifereji miwili kwenye matope. Alimlaza chali kwenye mbao za gati, hatua mbili kutoka majini, akamvua koti la mvua la kijivu kwa sababu lilifanana na mbao na mto na kila kitu, ikabaki fulana yake nyekundu ya baiskeli. Mvua ikaanza kuilowanisha fulana. Alitazama matone yakimwangukia mumewe usoni na kwenye midomo iliyokwisha kugeuka rangi, akahisi kwamba ndiye anayemuua, mara ya pili kwa siku moja. Kisha akarudi kwenye kamba akapiga kengele kwa mikono miwili, huku akilia kwa sauti, kama mtoto.

Pazia lilisogea. Baadaye mlango. Burgi alitoka kwa hasira, unaiona hata kwa mbali, mkono mmoja kiunoni. Roswitha aliacha kamba, akapiga magoti kando ya Gernot, akamwonyesha kwa mikono yote miwili. Burgi alisimama. Akaingia ndani, na Roswitha akahisi kwamba sasa basi, yameisha. Lakini mwanamke alitoka tena na darubini. Alitazama. Alitazama muda mrefu mno. Halafu akaenda kwenye mlingoti, akaishusha bendera, na kukimbia kuelekea kwenye kivuko chake.

Kivuko cha Burgi ni boti bapa la chuma lenye injini ndogo. Lilitoka ng'ambo likisukumwa pembeni na mkondo hivi kwamba Roswitha alidhani linakwenda zake hadi Linz. Gogo moja liligonga ubavu wake, likalia kama ngoma. Lilitua mita thelathini kupita gati, Burgi akalipandisha polepole kando kando ya majani, akarusha kamba.

"Nimeshapiga simu, ambulensi iko njiani," alisema kabla ya salamu. "Shika miguu. Baiskeli acha. Nimesema acha!"

Walimwingiza. Burgi alivua koti lake la njano akamfunika nalo Gernot, akabaki na sweta.

"Dada, nisamehe," alisema. "Nilidhani ni wale wale. Kaa chini, chini kabisa. Usimshike yeye, shika bomba hilo. Ukidondoka sitageuza."

Waliingia kwenye mkondo. Boti lilitetemeka lote. Roswitha hakushika bomba. Alikuwa amelala nusu juu ya mumewe, mdomo kwenye sikio lake, maji yakiruka ukingoni na kuwapiga. Aliona mti mzima unakuja, mizizi juu, na Burgi akatukana akapunguza injini na mti ukapita mbele yao karibu sana hata wangeweza kukata jani. Roswitha alijua kwamba kama ni kusema ni sasa.

"Gernot, dawa yako niliiacha mimi. Niliikunja na koti. Iko sandukuni. Nilijua tangu saa nne na sikukwambia. Unanisikia? Ni mimi."

Gernot alisogeza midomo. Injini ilinguruma, Roswitha hakusikia kitu. Alichokipata ni kubanwa kidole kidogo cha mkono, mara moja, bila nguvu.

Ambulensi ilikuwa imesimama kwenye nyasi ng'ambo, milango wazi, taa zinazunguka. Wahudumu wawili walimpokea kwenye machela, mwanamume na mwanamke, wakamchana fulana kwa mkasi, wakambandika waya. Mwanamume alimpuliza dawa chini ya ulimi. Mwanamke, aliyevaa miwani yenye matone ya mvua, alitoa karatasi ndefu kwenye mashine akaisoma.

"Maumivu yalianza lini?"

"Saa sita kasoro robo," Roswitha alijibu haraka. "Pale kibandani. Na hakupata dawa yake kwa sababu mimi asubuhi nili—"

Gernot alitoa mkono chini ya blanketi. Alionyesha vidole vitatu.

"Saa tatu asubuhi?" aliuliza mhudumu.

Gernot alitikisa kichwa. "Siku tatu," alisema. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia kidogo na sauti ilisikika. "Tangu Straubing."

"Na dawa ya kupuliza, umetumia?"

"Niliimaliza jana. Kichupa ni kitupu."

Burgi, aliyekuwa amesimama pembeni na sweta lililolowa, alitazama majani. Roswitha alisubiri ahisi mzigo unamtoka. Alikuwa ameubeba tangu saa nne, na sasa ameambiwa haukuwa wake. Haukutoka. Siku tatu mwanamume huyu alipiga mluzi mbele yake. Alikula soseji mezani pake, akamtania magoti, akalala ubavuni pake usiku na kumtakia ndoto njema, na kumbe muda wote huo kifua kinambana. Alimtazama usoni, uso alioishi nao miaka thelathini na minane, na hakuweza kuusoma. Akaogopa kuliko alivyoogopa mtoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungetaka turudi nyumbani."

"Ndiyo, ningetaka turudi nyumbani!" alifoka, mpaka mhudumu akamshika bega.

"Mama, baadaye. Mshipa umeanza kuziba, lazima afike hospitali ya Linz sasa hivi. Bado tuna muda kama hatuupotezi. Wewe panda mbele."

Alipanda mbele. Kati ya kiti chake na nyuma kulikuwa na kidirisha, akakisukuma kikafunguka. Gari liliondoka kwa ving'ora, barabara ikipita kando ya maji. Alimwona Gernot amelala, barakoa ya hewa usoni, macho wazi, anamtazama yeye.

"Gernot. Niambie kweli. Inauma?"

Aliinua barakoa kidogo na kidole. Akatabasamu, lile tabasamu lake la siku zote.

"Haiumi hata kidogo, Rosi."

Roswitha hakumtazama tena. Alimtazama yule mwanamke wa miwani, akitafuta kwenye uso wa mtu asiyemjua jibu ambalo mumewe hakumpa. Mwanamke alikuwa ameinamia mashine, na hakuinua kichwa.